Lango la Nyuma la Mutanu Park

Watu wa Kasikeu wakiwa na jambo la kukusanya watu wengi, iwe harusi, mazishi ama mkutano wa injili, kabla hata ya kukodi hema humtafuta Kavindu. Ni fundi wa nguo mwenye miaka arobaini na minane, mfupi, na sauti yake ni ya chini lakini husikika mbali. Kanisani aliongoza wahudumu wa milango kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakuna mtoto aliyekanyagwa wala mzee aliyeangushwa mbele ya macho yake.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu, aliipata kwa kutazama. Aliona kwamba wanaosukuma huwa nyuma na wanaoumia huwa mbele, na hawaonani. Kwa hivyo ukitaka kumwokoa wa mbele, nenda ukaongee na wa nyuma. Aliona pia kwamba ukiwapigia watu kelele watakimbia, lakini ukiwapa kazi ndogo, kama kumshika jirani mkono ama kuhesabu watoto wao, wanatulia.

Hayo yote Kavindu alimfundisha rafiki yake Mbula. Waliolewa Kasikeu mwaka mmoja, wakaingia kanisa moja, na mume wa Kavindu alipofariki, Mbula aliacha nyumba yake akalala kwa rafiki yake mwezi mzima ili asiamke peke yake. Kwenye mikutano walisimama milango miwili tofauti wakaongea kwa macho tu. Mbula akiinua kidevu, Kavindu alijua kuna mgonjwa anatolewa.

Kisha Mutanu Park ikafunguliwa karibu na Malili. Ilikuwa bustani ya michezo yenye bembea kubwa, treni ya watoto na kidimbwi cha kuogelea, na kila Sikukuu ya Jamhuri, saa mbili usiku, walirusha fataki. Mwaka wa kwanza watu walisukumana wakati wa kutoka hadi viatu vikabaki vimezagaa uwanjani, na mtoto mmoja akapatikana kituo cha polisi akilia. Mwaka uliofuata meneja, Bwana Musyimi, alikuja kanisani kuomba wahudumu. Kavindu alikubali kwa sharti moja: milango yote mitatu ibaki wazi mpaka mtu wa mwisho atoke. Musyimi akampa mkono.

Siku mbili kabla ya sherehe, Kavindu aliuzunguka uwanja kwa miguu. Aliona fataki zina shida ambayo mikutano ya injili haina, kwa sababu watu wote wanatazama juu huku wakitembea, na mtu wa namna hiyo hajui anakanyaga nini. Kwa hivyo alipanga familia zenye watoto zikae upande wa chini, karibu na lango la nyuma, ili zikimaliza zitoke kwanza bila kukutana na vijana. Wazazi waliombwa kuandika namba ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu. Tangu saa kumi alasiri yeye mwenyewe alishika maikrofoni akawa anarudia kwamba wenye watoto watatoka kwa lango la nyuma, wasihangaike na lango kubwa.

Saa kumi na mbili jioni Musyimi alikuja pale langoni. Alisema kuna watu wanapenya bila tiketi na akataka lango lifungwe kwa muda. Kavindu alikataa. Walibishana kidogo, bila kelele, Mbula akiwa amesimama kando na fulana yake ya njano ya uhudumu. Mwishowe Musyimi alifunga kufuli mwenyewe, akanyoosha mkono kuomba ufunguo aliokuwa nao Kavindu, akaahidi kwamba ifikapo saa moja na nusu ataurudisha. Yeye ndiye aliyekuwa meneja wa bustani. Kavindu alimpa.

Saa moja na nusu ilifika, Musyimi hakuonekana. Kavindu alimpigia simu mara tatu, haikushikwa. Alimwacha Mbula langoni akaenda kumtafuta ofisini, na alipokuwa katikati ya uwanja fataki ya kwanza ikapasuka angani, kijani na nyeupe. Watu elfu kadhaa wakashusha pumzi pamoja.

Kwa dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Halafu fataki moja ikaenda kombo, ikapasuka chini sana, juu ya vichwa vya familia. Haikumchoma mtu, ila watoto walilia, akina mama wakainuka, na wote wakafuata maneno waliyoambiwa tangu alasiri. Walienda kwa lango la nyuma. Wa kwanza walikuta kufuli. Wa nyuma hawakujua.

Kavindu aliona kutoka juu jinsi watu walivyokuwa wakikazana pale chini, akajua. Hakukimbilia lango. Alikimbilia mkia wa umati, akaanza kuwashika watu mabega mmoja mmoja, akiwageuza.

“Geuka, mama, lango kubwa liko wazi. Shika mtoto, mshike na huyu jirani yako. Polepole.”

Aliyegeuzwa alimgeuza mwingine. Kule mbele Mbula alikuwa amepanda juu ya kreti za soda, anapokea watoto juu ya vichwa vya watu na kuwapitisha upande wa pili wa ua. Mikono ilimchubuka mpaka kwenye viwiko na hakushuka mpaka msukumo ukaisha. Hakuna aliyekufa. Watu kumi na mmoja walipelekwa hospitali, kati yao mzee aliyevunjika mbavu na msichana wa miaka sita, Ilhan, aliyevunjika mkono. Kavindu na Mbula walikaa chini kwenye nyasi, wameshikana.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao katika ukumbi wa kanisa: pasta, wazee wawili na Musyimi. Musyimi alisema kwamba ufunguo aliuacha kwa kiongozi wa wahudumu. Kavindu hakushtuka. Alifikiri mwenye makosa hujitetea, na zaidi ya hayo Mbula alikuwepo. Aliketi ametulia, mikono mapajani, akisubiri rafiki yake aulizwe.

Pasta akauliza, “Dada Mbula, ulikuwa pale. Ufunguo ulikuwa na nani?”

Mbula aliangalia mkoba wake.

“Ulikuwa na dada Kavindu.”

Kwanza Kavindu alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Mbula usoni, akingojea ainue kidevu, apepese jicho, afanye ishara yoyote ile waliyozoea. Mbula hakuinua uso. Pasta alipomuuliza Kavindu kama ana la kusema, alisema hana. Angeanza wapi? Shahidi wake alikuwa mmoja tu.

Akavuliwa uongozi. Pale sokoni watu hawakumtukana, ila mazungumzo yalikatika akipita, na mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare alikuja kukichukua kabla hakijakatwa. Hayo aliyavumilia. Kilichomsumbua ni kwamba kila jambo lililomwuma alitamani kumwambia Mbula.

Baada ya wiki tatu Mbula alikuja nyumbani na mfuko wa ndengu. Hakuketi. Alieleza kwamba siku moja kabla ya kikao, Musyimi alimwita Mwau, mtoto wa Mbula, ambaye alikuwa amemaliza chuo na kukaa miaka minne bila kazi, akampa kazi ya fundi wa umeme pale bustanini. Mbula hakuambiwa aseme uwongo. Aliambiwa tu kwamba bustani ikifungwa, kazi ya Mwau inaisha.

“Nilijua wewe utasimama,” Mbula alisema. “Una cherehani, una jina. Mwau hana kitu.”

“Jina umeniondolea wewe,” Kavindu akajibu. “Ungekuja kuniambia siku ile, ningekaa tupange pamoja. Hukuja. Uliniacha nikae pale nikikungoja.”

Mbula alilia. Kavindu alipokea ndengu, kwa kuwa hakulelewa kumrudisha mgeni na alichokileta, akamsindikiza mpaka barabarani kama kawaida.

Haukupita muda mrefu, mwanamke mmoja wa Mwingi akaja dukani na msichana mwenye plasta mkononi. Ni Mumina, mamake Ilhan. Alikuwa amemtafuta mama aliyewageuza watu, ampe asante. Kavindu alipomweleza yaliyotokea baadaye, Mumina akasema kwamba jioni ile alikuwa anauza sambusa hatua chache kutoka langoni, na alimwona meneja akifunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu hakuna aliyemjua. Siku hiyo hiyo walienda pamoja kwa pasta, na Mumina akarudia maneno yake bila kuongeza wala kupunguza. Musyimi alipoitwa tena alikiri kwamba ufunguo ulibaki ndani ya gari lake. Wenye bustani walimwachisha kazi. Mwau alibaki na yake.

Jumapili iliyofuata pasta alimwomba Kavindu msamaha mbele ya kanisa zima, akamrudishia uongozi. Mbula naye alisimama, akasema aliyoyafanya kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia. Watu walitarajia wawili hao wakumbatiane. Kavindu alimwendea, akampa mkono, akasema amemsamehe, na alikuwa anasema kweli.

Lakini alipopanga wahudumu wa mkutano wa Pasaka, mlango wa pili alimpa Yvonne, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye alihitaji kuelezwa kila kitu kwa maneno. Pasta aliuliza kwa nini asimrudishe Mbula, aliyeijua kazi kuliko wote. Kavindu alimjibu kwamba mlangoni unamwachia mwenzako mgongo wako auchunge siku nzima, na yeye mgongo huo hawezi tena kumwachia Mbula. Kisha akachukua fulana za njano akaenda kumwonyesha Yvonne mahali pa kusimama.