Khanga za Kampeni Juu ya Kahawa

Juzi hapa Tunduma niliona kwenye runinga bibi mmoja wa Uingereza akiulizwa atachagua kipi kati ya vyama vikubwa vya kwao. Akacheka tu, kicheko kikavu. Nikamkumbuka bibi yangu wa Mbozi, mchana mmoja wenye harufu chachu ya kahawa iliyomenywa, akiifunika kwenye kichanja cha kuanikia kwa khanga za kampeni za vyama viwili, jua lisiipasue.

“Bibi, kumbe unavipenda vyote?” nilimuuliza.

“Khanga zao nilishazijaribu zote, mjukuu wangu. Mvua ikija, zinavuja.”

Nilidhani anazungumzia khanga tu.

Wingu lilipotanda, hakuhangaika nazo. Aliwaita majirani kwa sauti, tukaiingiza kahawa ndani kwa mikono yetu.