Sauti Chini ya Biti

Wiki ile nilichoka mpaka masikio. Watu hudhani anayemiksi muziki huchoka macho au mgongo. Vinachoka, lakini masikio ndiyo yanayokufa kwanza. Tangu Jumatatu nilikuwa mbele ya kompyuta chumbani kwetu Old Kampala, napatanisha sauti za vijana wa rap na biti walizozitoa mtandaoni. Anayechana anataka sauti yake iwe juu. Rafiki yake aliyeleta biti anataka ngoma ziwe juu. Wote husimama nyuma ya kiti changu wakila chapati, na hakuna anayesema asante.

Chumba chenyewe kilikuwa pia stoo ya mama. Mama alitembeza vitenge ofisi kwa ofisi, furushi begani, tangu tulipofika kutoka Bukavu, Kongo. Alipokuwa kazini niliviazima vitenge vyake, nikavitundika kwenye kamba kuzunguka maikrofoni ili chumba kisitoe mwangwi. Tulirekodi kati ya adhana na adhana kwa sababu msikiti uko karibu, na jioni nilivikunja vitenge vyote kabla hajarudi.

Ijumaa mdogo wangu alikuja na mistari yake mwenyewe.

“Yaya,” akaniambia, maana ndivyo sisi wa kule tunavyomwita dada mkubwa, “hii ngoma iishe kesho. Mama aisikie mbele ya Jumapili.”

Nilijua kwa nini. Mama aliamini kijana wake anasoma chuo cha ufundi wa maabara, na kila aliyenunua kitenge aliambiwa kwamba siku moja kijana huyo atavaa koti jeupe pale hospitali ya Mulago. Ukweli ni kwamba alifeli mwaka wa kwanza, akaona aibu kurudi. Tangu hapo aliondoka nyumbani kila asubuhi na begi la vitabu, akaenda Kikuubo kuwabebea wenye maduka ya jumla mizigo yao. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Sasa mama alikuwa ameshatangaza kwamba Jumapili atasimama kanisani kutoa shukrani, kwa kuwa mwanawe amemaliza masomo.

Kwetu jambo zito haliendi kwa mama moja kwa moja. Unamtuma shangazi. Shangazi yetu alibaki Bukavu, kwa hiyo mdogo wangu akaamua kutuma wimbo.

Aliuchana akiangalia sakafu. Kiitikio kilikuwa rahisi, “Mama, asante, Mama,” na hicho alikiimba kwa nguvu. Ubeti ndio uliomshinda, akawa anaumung'unya:

“Mama, begi langu halina kitabu,
Kikuubo nabeba marobota kwa taabu,
Bega limechubuka, nakuficha kwa aibu.”

Honi ya bodaboda iliingia katikati ya mstari wa pili. Nikamwambia arudie, akakataa. Alisema hawezi kuyasema maneno yale mara mbili.

Sauti mbovu ya nyumbani ina dawa moja ya kivivu: unapandisha biti, inafunika uchafu. Nikapandisha. Honi ikapotea. Sauti yake nayo ikazama, ila mimi sikuona, kwa sababu niliyajua maneno. Nilikuwa nimeyasikia mara arobaini, na anayeyajua maneno huyasikia hata yasiposikika. Ndiyo maana nilikuwa na sheria yangu: wimbo hautoki kabla haujasikilizwa na mama anayeuza chapati pale chini. Akiweza kunirudishia mstari mmoja, sauti imekaa sawa. Wimbo huu nisingeweza kumpelekea. Ulikuwa siri, na yeye ndiye redio ya mtaa. Mficha uchi hazai, nami nilificha mpaka kwa mtu pekee ambaye angenisaidia.

Jumamosi mchana tukampigia mama wimbo kwenye spika yangu kubwa. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Biti ikaingia, kiitikio kikaja, na mama akainuka akacheza.

“Eeh! Mutoto ananishukuru! Hii ngoma iko tamu!”

Mdogo wangu alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, amesikia. Siku hiyo alikula sahani mbili, akacheka kama zamani. Lakini mimi nilijua. Mtu akisikia habari kama ile hachezi. Nilikuwa nimechoka, nikataka iwe imeisha, nikamwacha aamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkosi wowote wa mashine.

Jumapili mama alichukua flashi yenye wimbo bila kutuambia, akampa kijana wa vyombo vya kanisa. Alitaka kwenda mbele na kapu lake la mananasi ya shukrani akisindikizwa na wimbo wa mwanawe. Sasa, spika za kanisa letu zilikuwa mbili, za bati, za mdomo mpana, zile za mikutano ya hadhara. Spika hizo hazijui besi. Ngoma zangu zote zikabaki tiki-tiki, na sauti ya mdogo wangu ikatoka uchi, neno kwa neno, mpaka barabarani.

Mama alikuwa nusu ya njia, anacheza taratibu. Kwenye “kitabu” alipunguza mwendo. Kwenye “marobota” akasimama. Kijana wa vyombo akazima, lakini ubeti ulikuwa umeshapita. Mama akaenda hadi mbele, akaliweka kapu, akarudi kukaa. Nilipogeuka, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu.

Nyumbani mama alivua viatu, akakaa kando ya furushi la vitenge vyake. Nilianza kumweleza kwamba kosa ni langu, kwamba nilimzamisha mdogo wangu chini ya biti.

“Washa,” akasema.

Nikawasha.

“Toa hiyo ngoma. Niko nataka kusikia mutoto.”

Nikaitoa biti yote. Ikabaki sauti ya mdogo wangu peke yake, na pumzi, na honi ya bodaboda, na mwanzoni kabisa sauti yangu iliyochoka ikisema, “Haya, anza.” Mama alisikiliza hadi mwisho, mkono kwenye bega lake linalobeba furushi. Nilisubiri aniulize nimejua tangu lini.

“Bega gani?” akauliza.

“Nini, mama?”

“Anasema bega imechubuka. Ni bega gani?”

Mara arobaini niliusikia mstari ule. Mashati ya mdogo wangu nilikuwa nikiyafua mimi. Bado sikujua ni bega gani.