Ngata ya Maikrowevu

Egide alikwenda Shanwe kwa wakwe watarajiwa akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa, na mshenga wake, mtu asiyejua kubana maneno akishika kalamu, alikuwa ameandika humo: "Injinia Egide, mhitimu wa diploma ya umeme."

Mhitimu! Egide alidisko mwaka wa pili, baada ya kufeli somo lilelile mara mbili, akarudi Mpanda kimyakimya kama mtu aliyeshushwa kwenye basi. Barua aliisoma kabla haijapelekwa. Akanyamaza.

Soda haijafika hata nusu, Mzee Nestori, baba yake Jeannine, akasema, "Injinia, kabla hatujala, hebu tuangalizie hii maikrowevu. Inapasha, ila sahani haizunguki. Inanguruma tu."

Jeannine alimtazama mchumba wake kwa macho ya kujivunia. Macho hayo ndiyo yaliyomponza.

Mkekani, Bibi Hilaria, mama yake Nestori, alikuwa anachambua maharage. "Ngata imenata," alisema.

Egide akacheka. Ngata anayoijua yeye ni ile duara ya kitambaa ambayo wanawake huweka kichwani chini ya ndoo. "Bibi, hii ni elektroniki. Haibebwi kichwani."

"Haya, mjukuu wangu. Nyie ndio mmesoma."

Alichomoa waya ukutani, akatoa sahani ya kioo. Kiduara cha plastiki chenye vigurudumu vitatu, kinachokaa chini ya sahani, alikiweka pembeni bila hata kukitazama. Akapindua maikrowevu, akafungua kitako kwa bisibisi, akaikuta mota, ndogo kama kopo la kiwi. Akaigonga. Akainusa. Kunusa mota sijui alifundishwa na nani.

"Mzee, mota imekufa. Hii mpaka iagizwe Dar."

"Una uhakika?"

"Hizi tulizisoma semesta ya mwisho kabisa."

Mpaka hapo uongo ulikuwa wa mshenga. Sasa ukawa wake, tena kwa sauti.

Bibi Hilaria hakuwa na habari naye. Alishakichukua kile kiduara, akakizamisha kwenye maji ya moto, akawa anakisugua kwa kidole. Kikatoka kitu cheusi, kinavutika.

"Asali ya Inyonga," alisema bila kuinua macho. "Ilikuwa imeganda, nikaipasha Jumapili, ikafurika. Nilifuta juu juu. Niliona aibu kuwaambia. Ngata ndiyo hii, inabeba sahani. Rudishia."

Egide alirudishia kitako. Skrubu ilimdondoka mara mbili. Bibi akafuta ndani, akapachika ngata yake, akaweka sahani na kikombe cha maji. Wakawasha.

Sahani ikazunguka. Taratibu, bila haraka, kikombe kikipita mbele ya Egide, kinarudi, kinapita tena. Dakika nzima.

Mzee Nestori ndiye aliyeangua kicheko. "Kumbe ngata kweli! Usijali, Injinia, hata madaktari wanakosea."

Kichaka cha kujificha hicho hapo, tena kakiotesha mkwe mwenyewe. Egide alifungua mdomo aingie. Akamwona bibi anajifuta asali vidoleni, mwanamke wa miaka themanini aliyekiri kosa lake mbele ya mgeni.

"Mzee, mimi siyo injinia," alisema. "Sikumaliza chuo. Nilidisko."

Kicheko kikakatika. "Na barua?"

"Niliisoma kabla haijaja kwenu."

Mzee Nestori akamgeukia binti yake. "Ulikuwa unajua?"

Jeannine akatikisa kichwa kukataa. Egide alitamani angetukanwa tu.

"Chakula kimeiva," Mzee alisema hatimaye. "Mtu hafukuzwi akiwa na njaa. Mengine tutayaongea na huyo mshenga wako akiwepo."

Jeannine alileta wali, akampakulia baba, akampakulia bibi. Alipofika kwa Egide akaweka upawa mezani.

"Jipakulie," alisema, akaenda kukaa mkekani na bibi yake.