Kibanio Kooni

Daktari wetu wa meno hatii chombo kinywani mwako kabla hajakueleza kazi yake, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Kijiko hiki kinakwangua palipooza, dada. Hiki chenye kichwa bapa kinashindilia dawa shimoni. Kibanio hiki kinashika jino." Jana, akiniziba gego, kibanio kiliruka kikaniangukia kooni. Pumzi ikakatika. Nilimkodolea macho, nikajua nimekwisha. Akavuta uzi ambao sikujua ameufunga kwenye kibanio, kikatoka. Nilipomaliza kukohoa, nilimkuta ameketi sakafuni. "Huo uzi mbona hukunieleza?" nilimuuliza kwa ulimi mzito. "Sijawahi kuutumia," alisema. "Miaka yote naufunga tu, nikiomba usipate kazi."