Mbao Pana za Vumbi

Vumbi aliingia jeshini akitegemea bunduki, akapewa msumeno. Kikosi chao kilikuwa cha kukata miti, kuipasua na kupeleka mbao vitani. Mitaani waliwaita wapiganaji wa magogo, naye wala hakununa; gogo halirudishi risasi. Jina la Vumbi alipewa na unga wa mbao, uliomkaa kwenye nywele, masikioni, hadi ndani ya chai.

Pale mashineni hawakuhitaji redio. Wakiagizwa mihimili mirefu, walijua madaraja yanajengwa na jeshi linasonga mbele. Wakiagizwa mbao za urefu wa mtu, soga ziliisha. Hizo zilikuwa za majeneza. Na mdogo wake Vumbi, wa tumbo moja, alikuwa huko mbele.

Mdogo mtu alikuwa pande la jitu, mlangoni anapita ubavu. Basi kila lilipokuja agizo la mbao zile, Vumbi alizipasua pana kupita kipimo. Sajini akamjia juu.

"We Vumbi, hujui kupima? Unatumalizia miti!"

"Najua, afande."

"Sasa?"

"Wengine wana mabega mapana, afande."

Sajini alimtazama, akaenda zake. Hakumuuliza tena.

Vumbi akienda likizo, mama yao humdaka mlangoni: "Mwenzio hajambo?" Hajambo, mama. Ulimi hauna mfupa. Vumbi hakujua lolote, na woga ulikuwa unamla.

Vita vikaisha, na mdogo mtu akarudi mzima, kakonda hadi suruali inashikiliwa kwa kamba. Mama alimlilia mpaka akachoka, akaenda kupika. Vumbi, akijifanya anauliza tu, akataka kujua kama mbao zao zilikuwa zinafika.

"Zile pana? Zilifika, kaka. Tulizichoma."

"Mlizichoma!"

"Kule juu ni mawe matupu, hupati hata kijiti. Baridi inaua kuliko risasi. Zile nyembamba zilikuwa zinateketea mara moja, lakini zile pana zilitufikisha asubuhi."

"Na waliokufa?"

"Tuliwazika kwenye mablanketi." Akashusha sauti. "Tungefanyaje, kaka?"

Vumbi alijaribu kukasirika, hasira ikagoma kuja. Akalia pale pale, kwa sauti, bila haya.

"Kaka, kuna nini?"

"Hamna," alisema. "Nenda kamsaidie mama sufuria, ni zito."