Umbo la Koti Ukutani

Mama alinipigia simu asubuhi akasema mdogo wangu amenunua rangi. Nilijua ni ya jiko. Niliondoka Makambako, mji nilioupenda kwa kuwa njia zake zinakwenda kila upande, nikafika nyumbani, mtaa wa Ramadhani, na kukuta makopo ya rangi mlangoni pa jiko.

Baridi ya Njombe haituruhusu kuzima moto, kwa hiyo kuta za jiko letu zilikuwa nyeusi tangu utoto wangu. Baba alitundika koti lake humo, kwenye hanga ya waya, juu ya msumari. Alipougua hakulivaa tena, likabaki pale na moshi ukilizunguka. Baada ya matanga nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama ilivyo desturi, na koti likaenda Mdandu kwa baba mdogo. Lilipotolewa, ukutani palibaki umbo lake, jeupe: mabega, mikono, upande wa kulia umeshuka kidogo.

Sasa wageni wangekuja kuweka msalaba kaburini, na mdogo wangu hakutaka waingie kwenye jiko linalofanana na tanuru. Sikumlaumu. Mama naye hakubishana naye.

“Mwache apake,” aliniambia. “Ila wewe piga picha kwanza.”

Kwa miaka mingi nimeingia nyumba za watu nisiowajua, Tandala na kwingineko, nikiomba kupiga picha vitanda vyao, viatu vyao, wagonjwa wao. Nyumbani kwetu kamera ilikuwa ya harusi na kipaimara tu. Nilisubiri mwanga wa mlangoni uguse ukuta, nikapiga. Mama alikaa nje akimenya viazi. Nilipomaliza aliingia na kamba, akapima mabega yale, akafunga fundo, akanipa.

“Picha isipungue hapo.”

Kijana anayechapa mabango ya harusi na misiba pale Makambako aliitazama picha kwa huruma.

“Kaka, hii imeungua kwa mwanga. Nikuondolee hicho cheupe cha katikati?”

Nikamwambia hicho ndicho ninachokitaka.

“Basi hata maua pembeni? Bure.”

Nilikataa maua. Alichapa huku akitikisa kichwa, na nilipoweka kamba juu ya karatasi, fundo lilifika mahali pake.

Niliporudi, jiko lilikuwa na rangi ya maziwa na msumari ulikuwa umeng'olewa. Mdogo wangu alinionyesha kazi yake, nikamsifu, maana alikuwa ameifanya vizuri. Nilidhani Mama angetaka picha itundikwe palepale. Aliichukua, akaenda nayo chumbani, akaniita nimsaidie kuikunjua. Aliitandaza kitandani, upande wa ukutani, alikokuwa akilala Baba. Akaketi upande wake. Akapitisha kiganja begani, akashuka taratibu hadi pale palipolemea kulia.

“Redio,” alisema.

Ni kweli, Baba aliibeba redio yake mfukoni mwa kulia, hata kanisani, akiwa ameizima. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Kamera ilikuwa begani kwangu, lakini sikuigusa. Mambo ya namna hii ndiyo niliyokuwa nikiwaomba wengine, na kwa mama yangu sikuweza kuomba. Kisha akasema, bila kugeuka:

“Na hii piga. Uso wangu usiuweke.”

Nikapiga mkono wake tu, ukiwa umetulia juu ya karatasi, pale palipokuwa mfuko wa redio.