Mchanga Mweusi wa Kaburi la Mama

Kazi yangu ni kuchokonoa takataka. Ndivyo baba anavyowaeleza majirani zake kijijini Kagoma, na hakosei sana. Tunachukua marudio ya machimbo ya zamani ya bati kule Kyerwa, yaani mchanga uliokwisha kutolewa bati ukamwagwa, tunauosha upya kutafuta tantali, madini adimu yanayoingia kwenye simu. Baba naye alifanya kazi huko ujanani. Mchanga ninaouhangaikia leo, yeye alikuwa akiutupa kwa beleshi.

Pasaka moja nilitoka Kitendaguro, ninakoishi, nikaenda nyumbani na mashine ya kupimia madini. Ni ndogo, unaishika kama ile ya kukaushia nywele. Nilikuwa na majivuno ya msomi, sifichi. Nikapima majembe, nikapima sufuria ya ndizi, watu wakacheka. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaielekeza kwenye kaburi la mama. Plasta yake ilikuwa nyeusi, inametameta kidogo. Mashine ikasoma tantali, tena nyingi. Nikampigia baba kelele kama kichaa, "Tata, njoo uone! Mama amefunikwa mali!"

Laiti ningefunga mdomo. Kaka yangu, ambaye ndiye mrithi wa kibanja, shamba la ukoo, alinisikia. Kufikia chakula cha mchana alikuwa ameshapanga: plasta ivunjwe, mchanga uuzwe, mama ajengewe kaburi la vigae kama wenzake. Nilimwambia nina mashaka, lakini nilisema kwa sauti ya chini. Mashine ile husoma ngozi tu ya kitu, haijui kilichomo ndani, na hilo ni jambo la kwanza tulilofundishwa. Ila nilitaka sana iwe imesema kweli.

Tulimuuliza baba. Alikuwa akitafuna punje zake za kahawa, hakunyanyua macho.

"Nyinyi ndio mmesoma," alisema.

Tukalichukua hilo kuwa ruhusa.

Kesho yake asubuhi kaka alivunja kwa nyundo. Chini ya ule weusi, ambao unene wake haukuzidi ukucha, kulikuwa na mchanga mweupe wa ziwani na saruji. Alivunja upande wa pili, ikawa hivyo hivyo. Niliiponda ile ngozi nyeusi kwenye kinu, nikaiosha kwenye karai mchana kutwa. Kilichobaki kilijaa kizibo cha soda. Kaka alikitazama, akaenda zake mgombani, na huko nilimsikia akilia. Mimi niliona aibu hata ya kulia.

Nilimpelekea baba kile kizibo, nikapiga magoti kumwomba radhi. Alikipokea.

"Mchanga huu niliutoa machimboni kidogo kidogo, kila likizo, ndani ya begi la nguo," alisema. "Mama yako alitaka sakafu ya saruji jikoni. Vumbi lilikuwa limemchosha. Nilimwambia, subiri waitu, mwenzangu, mchanga ninao tena unang'aa, natafuta saruji tu."

"Sasa mbona hukumwekea, Tata?"

"Saruji ilikuja siku ya msiba. Majirani walichanga. Na mchanga wenyewe, mwingi ulikuwa umeshakwenda na mvua, miaka yote ile nje. Uliobaki nikaupaka juu ya kaburi tu, kwa mkono."

"Kwa nini hukutuambia kabla hatujavunja?"

"Mlifurahi sana," alisema.

Akainuka kwa shida, akaingia jikoni. Sakafu bado ni ya udongo. Alikwenda mpaka pale mama alipozoea kukaa akimenya ndizi, akamwaga ule mchanga chini, akaanza kuutandaza kwa kiganja. Nikachota maji kidogo, nikachuchumaa kumsaidia. Tuliusawazisha pamoja, tukiusukuma huku na huku, na haukutosha hata mahali pa kukaa mtu mmoja.